Namna ya Kumpiga Picha Shujaa Bila Shujaa Kuonekana

Kuna watu wanaorudi kutoka Malindi na picha za ovyo kabisa. Ukizitazama unaona sanamu, unaona jina la anayekumbukwa na, baya zaidi, unashikwa na hamu ya kuuliza alikuwa nani na alipigana na nani. Mwongozo huu umeandikwa ili kukuepusha na aibu hiyo. Ukiufuata vizuri utazuru kumbukumbu za vita vya Wagiriama kuanzia Malindi mjini hadi Kaloleni, na simu yako itajaa uso mmoja tu: wako.

Kwanza: chagua wa kumpa muda wako

Anza na nguzo ya Vasco da Gama. Bwana huyu alitia nanga Malindi mwaka 1498, akakaa siku chache, akapewa rubani wa kumwongoza hadi India, akaenda zake. Kwa kazi hiyo ngumu ya kukaribishwa, amepata nguzo yenye msalaba juu, bahari nyuma, na upepo wa kupeperusha nywele. Hapo piga picha mpaka betri ikulaumu.

Kisha mpitie Mekatilili wa Menza, mwenye sanamu yake katika bustani ya mjini. Huyu, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza, alikamatwa mwaka 1913 pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa Kenya. Mwaka uliofuata wakatoroka na kurudi kwao kwa miguu, mamia ya kilomita. Mpe dakika mbili. Zikizidi, tuktuk itakudai nyongeza, na jua la Malindi nalo si la kutembea hatua hamsini.

Pili: simama panapostahili

Panapostahili ni mbele ya sanamu, katikati. Kichwa chako kifunike uso wake, na mkoba ufunike maandishi yoyote yaliyo karibu. Mwenye macho haambiwi tazama, na wewe mwenye simu una macho ya ziada: la mbele la kujitazamia, na la nyuma ambalo hujawahi kulitumia tangu uinunue.

Akiwapo mzee ameketi kivulini, usipoteze nafasi kwa shikamoo. Mwambie, "Mzee, sogea kidogo, unaniharibia picha." Huenda babu yake alikuwa mmoja wa waliokula kiapo cha kutowatumikia Wazungu, lakini hilo halipendezeshi picha.

Tatu: linda uso wako dhidi ya habari

Hatari kubwa katika sehemu hizi ni masimulizi. Wenyeji husimulia kwamba Mekatilili alimwendea Arthur Champion, ofisa wa kikoloni aliyetaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya Wazungu. Alikuwa na kuku na vifaranga vyake, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo utakavyofanywa, mama akamwambia, ukiwagusa watoto wetu.

Hadithi ya namna hii ikikufikia kabla ya picha, umekwisha. Macho yanaanza kufikiri, tabasamu linapotea, na hakuna kichujio cha simu kinachoweza kulirudisha. Ziba masikio. Weka vidole viwili juu, chongoa midomo kama anayepuliza chai ya moto, piga, ondoka.

Nne: iepuke Agosti

Agosti ndio mwezi wa tamasha la kumkumbuka Mekatilili. Utakuta kina mama wamevaa hando, wazee na bakora zao, na kifudu. Kifudu ni ngoma ya matanga, na ndiyo aliyoitumia kukusanya watu kijiji kwa kijiji, kwa sababu serikali ya kikoloni haikuwa na habari kwamba waombolezaji wanaweza pia kupanga vita.

Kama umelazimika kuwapo, ingia katikati ya duara na uwape mgongo wachezaji. Wakimaliza, waombe warudie, kwa kuwa hukuwa umebonyeza kitufe cha kurekodi.

Tano: kayani, usipige hodi

Kaya Fungo ni msitu mtakatifu wa Wagiriama. Mgeni huingia kwa ruhusa ya wazee, akaelezwa pa kukanyaga na pa kuacha. Taratibu hizi zinachelewesha sana watu wenye ratiba. Tena kuna mfano wa kuigwa: Agosti 1914 Waingereza waliingia bila hodi wakiwa na baruti, wakailipua kaya. Nawe ingia bila hodi ukiwa na droni. Wazee wakilalamika, wakumbushe kwamba safari hii hakuna kilicholipuliwa, kwa hiyo wanapaswa kushukuru.

Usiulize nini kilifuata. Kilichofuata ni vijiji kuchomwa moto, faini ya rupia 100,000, na amri ya kutoa vijana 1,000 wakawe wapagazi katika vita vya Waingereza na Wajerumani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa vizuri kwenye picha ya mraba.

Sita: kigango ni mapambo, kiegemee

Vigango ni nguzo za mbao zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa chama cha Gohu. Ni mahali pa koma, yaani roho za waliofariki, na familia huzungumza navyo. Wewe weka kiwiko juu ya kimoja.

Jihadhari tu usiige kosa lililofanyika Chalani, karibu na Kaloleni. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango vikaibwa. Miaka mingi ikapita, kimoja kikatambuliwa katika mkusanyo wa Illinois State University, kingine Hampton University, kote huko Marekani. Picha ndiyo iliyokuwa shahidi: ilionyesha nguzo nzima, ilionyesha mwenyewe amesimama nazo, na aliyeipiga alijua zilisimamishwa kwa ajili ya nani. Mwaka 2007 kile cha Illinois kikarudishwa kwao.

Unaona matatizo yanayoletwa na picha iliyojaa habari? Makumbusho mazima yalibaki na pengo ukutani. Picha yako yenye kiwiko, miwani ya jua na robo ya kigango haitamsumbua mwizi yeyote.

Saba: maneno ya kuambatanisha

Usiandike jina la marehemu, wala mwaka, wala kijiji, wala jina la mzee aliyekupa ruhusa (kama, kwa bahati mbaya, uliiomba). Andika "Pwani raha" na uweke mnazi mdogo wa rangi ya kijani.

Faida ya mwongozo huu utaiona baadaye, simu itakapokuambia kwamba nafasi imejaa na kitu lazima kifutwe. Aliyepiga picha ya shujaa atakaa akisitasita, amtoe nani. Wewe utafuta zote kwa kidole kimoja, maana hakuna mtu utakayekuwa umempoteza.