Namna ya Kupata Herufi za Nembo Bila Kumlipa Mtu

Umefungua bucha, hongera. Kodi ya fremu umelipa ya miezi sita, dalali kachukua mwezi wake, na fundi wa bango hakugusa brashi kabla ya kuona malipo ya awali. Zimebaki herufi, na herufi hazilipiwi, tulizikuta shuleni. Fuata hatua hizi.

1. Pakua fonti iliyoandikwa "bure". Ukiona mbele yake "kwa matumizi binafsi tu", usihangaike. Kwani bucha si yako binafsi?

2. Shemeji ana fonti yenye leseni ya kompyuta moja? Mwombe faili. Leseni hutaja idadi ya mashine, lakini undugu haikuutaja.

3. Mbunifu akitaja bei, mcheke. Herufi 24 tu za Kiswahili! Usimpe nafasi ya kukuhesabia herufi kubwa na ndogo, tarakimu, alama, wembamba na unene, wala A na V, ambazo zisiposogezwa kwa mkono huacha pengo kama la jino lililong'olewa.

4. Akija juu, geuka mwanasheria. Mwambie Marekani umbo la herufi halina hakimiliki. Ni kweli. Usiongeze kwamba hukohuko faili la fonti hulindwa kama programu ya kompyuta, wala kwamba bucha yako iko Mbagala.

5. Kaa mbali na fonti zenye leseni huria ya SIL, iliyotoka mwaka 2005. Google Fonts imejaa hizo. Zinaruhusu biashara bila kutoa senti. Sasa hapo utakuwa umemkomoa nani?

6. Yote yakishindikana, iagize akili mnemba iandike "Ng'ombe Mnono". Ikikuletea "Ngo'mbe Mnnono", rudia. Hata ikipatia, imekupa picha, si fonti: ukitaka bei ya maini kwa mwandiko uleule, utaona g ya leo si ndugu wa g ya jana. Na usiulize imejifunzia michoro ya nani.

7. Jirani akifungua bucha yenye mwandiko wako, mkumbushe kwamba kazi ya mtu huheshimiwa. Akijibu kwamba Marekani kazi iliyofanywa na mashine peke yake haina hakimiliki, mshangae. Mtu mzima, muuza nyama, anajifichaje nyuma ya sheria za nchi ya watu?