Ami, Nimelipa Dola Kwenda Kula Futari

Toronto, Machi 2025

Kwa Ami yangu mpenzi, pamoja na wanabaraza wote,

Madhumuni ya barua hii ni kujibu lile swali ulilonituma nikalitafutie jibu Kuba: nchi ya Fidel ni pepo, kama unavyosema wewe, au ni jela, kama anavyosema rafiki yako muuza vitambaa? Najua barua itasomwa kwa sauti baada ya tarawehe, kahawa ikiwa mkononi. Basi isomwe taratibu, na mwenye duka la vitambaa asikatize mpaka nimalize.

Najua pia utakachosema wewe kabla ya kikombe cha kwanza: "Kuba amefika, Unguja hajafika!" Ami, nauli ya watu wanne kuja huko ni bei ya gari. Wiki moja Kuba ni bei ya matairi yake. Huku Februari baridi inakufanya uvute pumzi kwa mafungu, na Mkanada akichoka na theluji hukimbilia Kuba kama watu wa Mji Mkongwe wanavyokimbilia shamba. Nchi hizi mbili hazikuvunja uhusiano baada ya mapinduzi ya 1959, ilhali Marekani imeweka vikwazo tangu 1962. Ndiyo maana wageni wengi kuliko wote huko ni Wakanada. Kazini kwangu nilikuwa mimi peke yangu ambaye sijafika, na ndimi peke yangu mwenye ami aliyekuwa akiitwa komredi.

Tulifikia Varadero, rasi nyembamba yenye mchanga mweupe, mfano wa Nungwi. Hata hatujaweka mizigo chini, tukafungwa bangili za plastiki mkononi. Ukiwa nayo unakula, unakunywa na unalala chini ya mwavuli, huulizwi kitu. Ukiikosa, huna jina.

Siku ya kwanza natoka baharini. Mbele yangu wamepita Wazungu kumi wekundu kama kamba waliochemshwa, hakuna aliyesemeshwa. Nilipofika mimi, mlinzi akanijia mbio akinimiminia Kihispania. Sura yangu, Ami, ni ya Kikuba kabisa. Watu wa rangi yetu ni wengi kule, mababu zao walivushwa bahari kwa minyororo kwenda kukata miwa. Na mpaka mwaka 2008 Mkuba alikuwa haruhusiwi kulala katika hoteli za wageni hata kama pesa anazo. Marufuku yaliondolewa, lakini nadhani mlinzi yule alikuwa bado hajapelekewa habari. Nikanyanyua mkono kama mtoto wa skuli anayeomba kwenda chooni. Akaiona bangili, akasema "perdón", akanipigia saluti. Kufika siku ya tatu nikawa natembea ufukweni mkono juu tangu mbali, mama watoto akaniuliza kama najisalimisha.

Nikakumbuka mara ngapi mimi na binamu zangu tumefukuzwa kwenye fukwe za kaskazini huko kwetu, juu ya mchanga tuliojifunzia kutembea. Angalau waliotufukuza sisi hawakuwa wametuambia kwanza kwamba mchanga ni mali ya wananchi.

Usiku mmoja hoteli ikatangaza chakula cha kienyeji. Nikavaa shati la Idi. Kufunua vifuniko: muhogo wa kuchemsha uliomwagiwa kitunguu thomu, magimbi, ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa, na wali uliopikwa pamoja na maharage meusi. Mama watoto akanitazama, nami nikamtazama. Ami, nimelipa dola kwenda kula futari, tena haina nazi! Kitoweo chao maarufu ni nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa nyuzi nyuzi, na jina lake, ukilifasiri, ni "nguo kuukuu". Nikamwambia mpishi nguo kuukuu nimeziacha nyumbani. Kisha nikala sahani mbili.

Siku ya nne tukaenda Havana kwa gari la watu binafsi, Chevrolet ya mwaka 1952. Magari haya wenyewe huyaita "malozi" kwa umbo lake. Yamedumu si kwa sababu Wakuba wanapenda mambo ya kale. Baada ya mapinduzi magari mapya ya Kimarekani yalikoma kuingia, na mpaka 2011 raia aliweza kununua na kuuza kwa uhuru gari lililoingia kabla ya mapinduzi tu. Letu lilikuwa na mwili wa Mmarekani, mashine ya dizeli iliyotolewa kwenye gari jingine, na vipuri vya kila kabila. Dereva akatuusia tufunge mlango kama tunafunga chumba alicholala mtoto mchanga.

Watalii wenzetu wawili waliokaa nyuma walikuwa wakishangilia kila kitu: kiti kilichochanika, honi, hata moshi. "Utamaduni huu!" wakawa wanasema. Mimi nimepanda gari za shamba, Ami. Najua mlango uliofungwa kwa kamba si utamaduni, ni ukosefu wa kitasa. Dereva alinielewa bila mkalimani. Kumbe ni mhandisi kwa kusomea. Aliiacha kazi ya serikali kwa sababu safari moja ya mtalii inamwingizia zaidi ya mshahara wake wa mwezi. Nikamuuliza kuhusu ile nguo kuukuu. Akasema kwake nyama ya ng'ombe ni kitu cha kuhadithia watoto kabla ya kulala.

Ulinitaka nipige picha nimesimama na sanamu la Fidel. Nimelitafuta, Ami, mpaka viatu vikalalamika. Halipo. Mwenyewe hakutaka, na alipofariki mwaka 2016 Bunge likapitisha sheria: hakuna sanamu lake, hakuna mtaa wa jina lake. Badala yake nilikuta sanamu la John Lennon, yule mwimbaji wa Beatles, kakaa kwenye benchi bustanini. Miaka ya sitini muziki wao ulinuniwa na wakubwa, na mwaka 2000 Fidel mwenyewe akaenda kulizindua. Miwani ya Lennon huyo imeibwa mara nyingi hata akawekwa mtu wa kuitunza: mtalii akija anamvisha, picha ikipigwa anamvua. Nimepiga picha na huyo. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, unaweza kusema ni komredi fulani.

Usiku tulilala kwenye nyumba ya mtu, yenye alama ya nanga ya buluu mlangoni, maana yake ina ruhusa ya kupokea wageni. Saa mbili umeme ukakatika. Bibi mwenye nyumba akaomba radhi mara tatu. Akaeleza kwamba Oktoba 2024 mtambo mkubwa wa Matanzas ulizimika na nchi nzima ikaingia gizani, na tangu hapo hawajatengemaa. Wao hufanya mzaha kwamba umeme kukatika si habari tena, habari ni umeme kurudi, na wana neno lake maalumu. Nikamwambia asijali. Sisi ni watu wa Unguja, tuliokaa gizani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Nikamwonesha namna ya kuwekea mshumaa kigae cha chupa, akanitazama kwa heshima ambayo shahada yangu haijawahi kuniletea.

Asubuhi nikatoka peke yangu kunyoosha miguu. Nikasimama kivulini mbele ya kiduka chenye dirisha la nondo. Watu walikuwa wametawanyika: mmoja kakaa kizingitini, wazee wanapiga dhumna, mama mmoja anamsuka mwanawe. Akaja bibi na mkoba wa kitambaa, akanitazama usoni, akauliza: "El último?"

Kihispania changu ni cha kuomba maji na kushukuru. Nikadhani ananisabahi. Nikatabasamu, nikasema "sí". Ami, pale pale nilikuwa nimejiandikisha.

Kumbe foleni ya Kuba haina mstari. Anayefika huuliza nani wa mwisho. Akishamjua huyo, na akamjua aliye mbele yake, basi ameshapanga, na anaweza kwenda kukaa anapotaka. Foleni nzima imo vichwani mwa watu. Wewe hutusimulia mlivyokuwa mkipanga mawe na mapakacha alfajiri kushika nafasi kwenye foleni, kila jiwe na mwenyewe, mpaka siku ile mtu alipoiba jiwe. Wenzetu jiwe wameliweka kichwani, haliibiki.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa jiwe la yule bibi. Kila nikinyanyua mguu, ananiangalia. Akaja mwingine akamuuliza yeye, naye akaninyooshea kidole mimi. Akaja wa tatu, wa nne. Ningeondoka, mtaa mzima ungemwagika kama tasbihi iliyokatika uzi. Nikabaki. Saa moja na nusu nimepanga foleni ya kitu nisichokijua, na haya inanizuia kuuliza.

Zamu ikafika. Muuzaji akanyoosha mkono: "Libreta." Hicho ni kidaftari cha mgao, kilichoanza mwaka 1962. Kila nyumba ina chake, na ndani yake huandikwa mchele, sukari, mafuta na vinginevyo, kwa bei ndogo sana, pale vinapokuwepo. Foleni yangu ilikuwa ya mkate: mmoja kwa mtu mmoja kwa siku. Mkate huo ulikuwa gramu 80, na tangu Septemba 2024 umekuwa gramu 60. Mimi daftari sina. Nikababaika, na mkono, kwa mazoea ya Varadero, ukanyanyuka wenyewe. Bangili ikameta juani.

Kimya. Halafu mtaa ukaangua kicheko, Ami, kicheko cha watu waliopata burudani isiyo ya mgao. Yule bibi alinishika bega akacheka mpaka akafuta machozi kwa mkoba. Nami nikacheka, hadi nilipokiona kile kimkate alichokabidhiwa. Ni kidogo kuliko bofulo letu. Asubuhi tuliyoondoka hotelini, wanangu waliacha mezani minne mikubwa zaidi, mmoja ukiwa umeng'atwa mara moja tu. Hapo bangili ikaanza kuniwasha.

Mmoja wa wapiga dhumna akaniuliza natoka wapi. Nikasema Zanzibar. Akauliza ni karibu na Angola? Alipigana huko ujanani, kama malaki ya Wakuba waliopelekwa kati ya 1975 na 1991. Nikamwambia ni upande wa pili wa bara. Akafikiri kidogo, akatia mkono mfukoni, akatoa noti ya peso tatu yenye picha ya Che Guevara. Bei: dola moja.

Fanya hesabu pamoja nami. Nilipokuwa huko, kwenye vibanda vya serikali dola moja ilikuwa peso 120, na mtaani zaidi ya 300. Kwa bei ya mtaani, peso tatu zilikuwa hazifiki senti moja. Nikakumbuka kisa chako mwenyewe: mwaka 1965 Che alipopita Dar es Salaam kwa siri, akavuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, alichagua jina la msituni kwenye hesabu ya Kiswahili. Moja alikuwa mwenzake, Mbili mwenzake mwingine, yeye akawa Tatu. Vita vile vilimshinda, akarudi Dar kuandika jinsi vilivyomshinda. Na kabla ya hapo alikuwa mkuu wa Benki ya Taifa ya Kuba, akisaini noti kwa neno moja tu, "Che", kama mtu asiyewathamini waabudu pesa. Leo Komredi Tatu yuko juu ya peso tatu, anauzwa mara mia ya thamani yake, na muuzaji ni askari wa mapinduzi yake. Nikalipa dola bila kupatana, jambo ambalo mtu wa Darajani hapaswi kulikiri kwa maandishi.

Sasa hukumu. Ami, una hoja: mwaka 1961 waliwapeleka vijana mashambani kufundisha watu kusoma, na madaktari wao mmewaona hata hapo Unguja. Muuza vitambaa naye ana hoja: mhandisi ni dereva, mkate ni gramu 60, na vijana wanaihama nchi. Nilipomuuliza dereva sababu, alisema serikali inalaumu vikwazo vya Marekani, Marekani inailaumu serikali, na yeye anawaamini wote wawili.

Lakini mimi nisifanywe kadhi. Nchi ile nimeiona kutoka kwenye mkono wenye bangili, na mwenye bangili akikutana na shida za watu huziita mandhari. Saa moja na nusu tu nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, na hata hapo sikuwa na njaa. Kateni shauri wenyewe, nyinyi mliowahi kumiliki jiwe.

Ndani ya bahasha utamkuta Komredi Tatu. Ukimwonesha muuza vitambaa, mwambie asimguse kwa mikono yenye mafuta ya sambusa. Na tafadhali, usimtumie wote siku moja.

Wasaalam,
Mwanao wa kwenye theluji