Mjomba Kiguu na Njia Anajibu Barua Zenu

*Mjomba, shikamoo. Mimi na mke wangu tuna likizo ya wiki moja. Mwenzangu anataka tukatembee kwa miguu kwenye vilima na maziwa, tena pawe mahali ambapo majirani hawajawahi kupiga picha. Mimi nina kitambi. Nifanyeje? – Baba Mwenye Kitambi, Tabata*

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi badala ya yule mwenzangu wa gazeti jirani, ambaye mlima pekee anaoujua ni ule wa nguo chafu chumbani kwake.

Kabla sijakujibu, ni haki yako kujua unazungumza na nani. Vigimbi hivi vyangu viliwahi kusimamisha harusi Njombe. Nilipita tu nje ya kanisa nikiwa nimekunja suruali. Bibi harusi akavitazama, akamgeukia bwana harusi, akaguna. Mchungaji akaomba pazia lishushwe. Nayasema haya ili uelewe kwamba ushauri wa miguu unaupata kwa mwenye miguu.

Sasa jibu: nenda Rungwe. Tungeweza kuishia hapo, ila mhariri ananilipa kwa urefu.

Shukia Uyole kabla hujaingia Mbeya mjini, panda Coaster ya Tukuyu, na kaa dirishani. Utaona chai, migomba, maparachichi, halafu chai tena. Ukifika, vaa sweta. Wajerumani waliuita mji huo Neu Langenburg, nasi kwa bahati tukarudi kwenye Tukuyu, jina linalotamkika hata meno yakigongana kwa baridi. Miteremko inayotazama Ziwa Nyasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile inayowafurisha ninyi huko Tabata. Kwa hiyo nenda kati ya Juni na Oktoba, na koti la mvua ubebe vilevile, maana mvua ya Tukuyu haisomi kalenda.

Kuhusu kitambi: wiki tatu kabla ya safari, panda ngazi za ofisini kwenu kila asubuhi ukiwa na gunia la mkaa begani. Mkuu wako akiuliza, mwambie unahamisha mafaili. Jioni rudi nyumbani kinyumenyume, ili magoti yazoee kuteremka bila kuona yanakokwenda. Baada ya siku ya kumi kitambi kitakuwa palepale, lakini utakuwa umekizoea, nalo ni jambo kubwa.

Siku ya kwanza, Ziwa Ngosi. Hili ni ziwa la kasoko, limelala ndani ya mlima wa volkeno katika safu ya Uporoto, na huko chini ya ardhi bado kuna joto la kutosha hata serikali inalifuata kwa ajili ya umeme. Unaiacha barabara kuu ya Tukuyu upande wa Isongole, unapita mashamba ya viazi, unaingia msituni, na hapo ndipo mke wako atakapojua alichoolewa nacho. Njia ni matope meusi yanayong'ang'ania kiatu, mizizi imejipanga kuwa ngazi, mianzi kushoto, migomba-mwitu kulia. Unapanda, unashika mti, unateleza, unaomba radhi kwa mti. Halafu msitu unakatika ghafla na ziwa hilo hapo, kijani, chini kabisa, limezungukwa na kuta za miti zinazosimama wima. Usijaribu kuteremka hadi majini kwa ajili ya picha. Wima ule si wa mchezo. Ukungu ukiwa umetanda, kaa ukingoni, menya parachichi, ungoje ufunguke.

Wenyeji husema ziwa hilo lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi nilipolitazama niliona sura yangu ya ubavu, na kiongozi wangu, kijana mwenye adabu, hakubisha. Wapo pia wanaosimulia habari za nyoka mkubwa anayelilinda. Kama huamini, basi usiamini kimyakimya mpaka utakapokuwa umesharudi barabarani.

Siku ya pili, Mto Kiwira. Kuna Daraja la Mungu, jiwe la volkeno lililoganda juu ya mto, maji yakaendelea kupita chini yake. Limejengwa bila zabuni, bila mkandarasi, bila mgeni rasmi wa kuweka jiwe la msingi, na ndiyo sababu bado limesimama. Si mbali na hapo kuna Kijungu, ambapo mto mzima unabanwa kwenye mwamba, unatumbukia shimoni na kutokea upande wa pili umekasirika. Eneo hilo liko upande wa chuo cha Magereza, hivyo chukua kitambulisho, ujiandikishe getini na umsalimie askari. Nijuavyo mimi, ni gereza pekee ambalo mtu huingia kwa hiari na kutoka akilisifia.

Ukiwa bado na pumzi, kuna Mlima Rungwe wenyewe, karibu mita 2,960. Ni siku nzima, tena siku ya kuanza alfajiri. Msituni humo anaishi kipunji, kima wa rangi ya kahawia mwenye nywele zilizosimama utosini. Wanasayansi walimwona mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka 2006 wakamwekea jenasi yake peke yake, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wanamfahamu siku zote, ila hawakuwa na jarida la kumtangazia. Mlio wake ni nusu kubweka, nusu honi. Nilipolala kambini nikakoroma, mmoja alinijibu kutoka mtini, nami kwa heshima nikamjibu, tukabishana hadi alfajiri. Naamini nilishinda hoja. Hawapatikani penginepo duniani isipokuwa misitu hiyo, ile ya Livingstone jirani yake, na Ndundulu kule Udzungwa, kwa hiyo ukimwona shusha sauti, umwachie ndizi zake na mti wake.

Jioni kuleni mbalaga, ndizi zilizopikwa na nyama. Ukisalimiwa “ugonile”, usijibu “poa”. Utanidhalilisha.

*Mjomba, mchumba wangu anataka twende Kitulo mwezi wa pili kuangalia maua. Mimi sipendi matope. Rafiki yangu anasema twende Julai. Nimsikilize nani? – Dada Msafi, Dodoma*

Mwanangu, Julai utakuta majani makavu, upepo, na mchumba aliyenuna. Maua ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na matope ndiyo kiingilio. Uwanda huo uko juu ya mita 2,600, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu huuita Bustani ya Mungu. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi pale. Mwambie mchumba akutajie hata tano bila kubahatisha. Akishindwa, ahirisha mahari.

Na tafadhali msing'oe kitu. Viazi vya okidi vimechimbwa kwa miaka mingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande mithili ya mkate. Mimi niliwahi kupewa kipande na mwenyeji wangu mpakani. Nikala, nikasifu, nikaomba kingine, kisha nikaambiwa kimetengenezwa na nini. Tangu siku hiyo natetea okidi kwa hotuba zenye kuliza watu, na nina nakala, ukihitaji.

Kwa wenye magoti ya chuma, kuna njia ya miguu kutoka Kitulo kuvuka Milima ya Livingstone hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Unaanza kwenye baridi ya sweta mbili, unaishia kwenye joto la minazi, zaidi ya mita 2,000 chini. Usiende bila kiongozi wa huko. Matema kwenyewe milima inaingia ziwani moja kwa moja bila hata kupunguza mwendo, na ziwa hilo lina kina cha kama mita 700. Kama mguu umegoma, panda gari kutoka Tukuyu kupitia Kyela na udai umetembea, mimi nitakutetea.

Jipangeni mfike Ijumaa, kwa sababu Jumamosi ni soko la vyungu pale Lyulilo, kando ya Matema. Akina mama wa Kikisi wanaviunda upande wa Ikombe, na vinaletwa kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa kwa majani makavu ili visigongane. Gonga chungu kwa kidole kabla ya kununua: kikilia, chukua, kikikohoa, rudisha. Halafu rudi nacho Dodoma ukiwa umekikumbatia mapajani. Hakuna abiria anayethubutu kumsukuma mwanamke mwenye chungu. Ni kiti cha daraja la kwanza kwa bei ya udongo.

*Mjomba, nimesikia Wajerumani walizamisha dhahabu Ziwa Masoko. Nije na mzamiaji? – Mtafutaji, Kahama*

Yaani umetoka Kahama, unakokanyaga dhahabu ukienda dukani, uje kuitafuta Rungwe? Njoo, lakini njoo kwa miguu. Masoko, wengine huliita Kisiba, ni ziwa la kasoko la mviringo kusini-mashariki mwa Tukuyu, na juu yake kuna boma la Wajerumani la mawe ambalo baadaye likawa mahakama. Ndiyo, wenyeji husimulia juu ya sarafu za zamani zinazookotwa ufukweni. Lakini waliowahi kuchimba sakafu ya ziwa hilo kwa mitambo ni wanasayansi, miaka ya tisini, na walitoka na matope, tena wakafurahi, maana tabaka zake zinahifadhi habari za mvua na ukame za makumi ya maelfu ya miaka. Mzamiaji wako mwache nyumbani. Kwa gharama yake utalala Tukuyu wiki mbili na kula mbalaga…

Mhariri amenionyesha saa. Haraka basi: viatu vyenye meno, koti la mvua, pesa taslimu kwa sababu huko milimani mtandao wa simu hukatika, kiongozi wa njia kutoka kijiji husika na umlipe mlichopatana. Tukuyu anzeni kwenye ofisi ya misitu, lipeni ada ya hifadhi, na mdai risiti.