Ukwaju Juu ya Mfalme Edward

Baba watoto wangu ana simu, na ndani ya simu ana Berlin. Kila mwanzo wa mwaka wauza sarafu wa dunia nzima hukusanyika huko, kama wanavyokusanyika New York, wakapanga kwenye meza zao dinari za Kiislamu, fedha za Kigiriki na shaba za Kirumi. Naye huwatazama hapa Chaani hadi saa nane za usiku, bando likiisha anaongeza. Alinilalamikia kwamba Mombasa hatuna maonyesho ya sarafu. Nikamwambia Mombasa hata maji hatuna, na hilo halijawahi kumkosesha usingizi.

Laiti angeishia kutazama. Jumamosi moja alipanda matatu kwenda mjini na pesa za tangi mfukoni, lile la lita elfu ambalo lingetupumzisha na mikokoteni ya mitungi. Miguu ikampeleka Mji wa Kale. Maduka ya vitu vya kale yaliyo karibu na Ngome ya Yesu, nyuma ya birika za shaba na masanduku ya njumu, huwa na bakuli la sarafu, na muuzaji akimwona mtu anainama kwenye bakuli hilo hujua riziki imefika. Jioni alirudi bila tangi. Alikuwa na soksi moja inayochachatika.

Akaimwaga mezani, juu ya kitambaa changu cha wageni. Reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na mwaka 1780. Senti za tundu za enzi ya mkoloni, fungu zima. Kipande kidogo cheusi alichoambiwa ni cha Sultani wa Kilwa. Na pesa moja ya shaba yenye jina la Mombasa. Kisha akatangaza kwamba Jumapili ya pili yake maonyesho yatakuwa sebuleni kwetu. Wageni wa Magongo na Port Reitz alikwisha kuwaalika, pamoja na mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyekusanya sarafu tangu ujana wake. Mimi nikaambiwa nipike mahamri na mbaazi.

Sasa, mavyaa anaishi nasi, na mavyaa ni mtu wa usafi. Alfajiri ya Jumapili hiyo, mwanawe angali akikoroma, alilowesha ukwaju, akachota majivu jikoni, akafungua mtungi mzima wa maji ya kununua, akakaa uani na kumbi la nazi mkononi. Nilipotoka alikuwa amekaribia kumaliza. "Mwanangu awaalika watu waje watazame kutu? Si aibu hiyo?" Sarafu zilikuwa zinamemeta kwenye ungo kama vifungo vya askari siku ya gwaride. Kusema kweli, mimi mwenyewe niliziona zimependeza.

Mzee wa Mji wa Kale hakuziona zimependeza. Alitoa lenzi yake, akainua senti moja, akaiweka chini taratibu, akauliza: "Nani aliyeziosha?" Mavyaa akajibu kwa fahari kuwa ni yeye. Mzee ni mtu wa adabu, akavuta pumzi, akaeleza. Ule weusi wa shaba ya kale si uchafu, ni ngozi iliyoota kwa miaka mingi, na wanunuzi huilipia ngozi hiyo. Ukwaju ni asidi, huimenya. Majivu na kumbi huacha mikwaruzo ambayo lenzi huiona yote. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Baba watoto akakimbilia reale. Angalau hiyo ni fedha, tena ya mwaka 1780! Mzee akacheka. Mwaka huo ndio aliokufa Maria Theresa, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu waliizoea sura yake wakakataa nyingine, basi viwanda vya Vienna, London, Bombay na kwingineko vikaendelea kuigonga kwa mwaka uleule hadi karne ya ishirini. Fedha ni fedha kweli. Umri ndio wa uongo.

Kati ya senti za tundu akaomba kumi za Edward wa Nane, zile ambazo muuzaji alizisifu kuwa ni nadra kwa sababu mfalme huyo aliacha kiti Desemba 1936 kabla hata ya kutawazwa. Huko kwao Uingereza sarafu zenye kichwa chake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi. Lakini zetu zilikuwa na tundu katikati, hazikuwa na nafasi ya kichwa, jina na taji tu, zikagongwa kwa mamilioni. "Mimi hizi nilinunulia mahamri," akasema mavyaa, "hakuna aliyeniambia nadra." Tukahesabu. Moja haikuwepo. Kitindamimba wangu akatazama miguu yake.

Kipande cha Kilwa mavyaa hakukiosha, kwa kuwa kilikuwa na mfano wa maandishi ya Kiarabu akahofia ni hirizi. Sarafu za Kilwa nami nilizipenda nilipoelezwa: upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una sifa za Mungu, na pande mbili hizo zina vina kama mishororo ya shairi. Tano ziliokotwa hata Australia mwaka 1944, kwenye visiwa vya Wessel. Mzee akatoa sumaku. Kipande chetu kikairukia. Shaba haivutwi na sumaku, akasema, kisha akaongeza kwamba kingekuwa cha kweli na kimechimbwa kwenye magofu, sheria ya mwaka 2006 ingetutaka tuwaarifu watu wa Makumbusho.

Ilibaki pesa ya Mombasa, nayo iliokolewa na hofu ileile ya mavyaa. Ni ya kampuni ya Waingereza iliyotawala hapa kabla ya serikali yao kushika hatamu mwaka 1895. Ina mizani, neno la Kiarabu la uadilifu, mwaka 1306 wa Hijria, na 1888 wa Miladia. Mzee aliigeuza mara nyingi kuliko zote, akampa mume wangu mkono. Hiyo ni halali, akasema, na ni yetu. Kama unazo za namna hiyo kwenye kopo la bibi yako, tafadhali usiziguse kwa ndimu wala ukwaju. Zifunge kwenye karatasi kavu, uzishike kwa ukingo.

Senti ya kumi ya Edward tuliipata jioni. Fundi wa mlango wa uani alikosa washa, kitindamimba akampa. Mlango umekaza, na nimekataza usifunguliwe.