Huku Kwetu Themostati ya Nini?

Mama mkwe alikuwa amekalia roba la vitunguu kando ya barabara ya Dar es Salaam–Iringa, katikati ya mlima Kitonga, pindo la khanga amelizibia pua kwa sababu ya moshi wa malori. Vitunguu alikuwa amevinunua Ruaha Mbuyuni, kwa raha zote za mama anayerudishwa kwake na gari la mkwe. Sasa gari la mkwe lilikuwa mbele yake, boneti wazi, likifuka mvuke. Mwenye gari, shati jeupe limelowa maji ya rangi ya kutu, alikuwa anavunja matawi ya kutandaza barabarani, maana pembetatu aliyoipekua nyuma ya kiti haikuwamo.

"Baba," mama mkwe akaita kwa upole, "kwani yale mabasi ya asubuhi yalikuwa yamejaa?"

"Bado kidogo tu, mama."

Kitonga si mahali pa kuumbukia. Barabara imekwanguliwa ubavuni mwa mlima, bonde upande huu na mwamba upande ule, na malori ya Zambia na Kongo hupanda kwa gia nzito, taratibu. Kwingine gari likikufia watu hupita mbio wakasahau. Kitonga kila dereva anapata muda wa kutosha wa kukutazama, kukusikitikia na kukupa ushauri ambao hukuuomba. Utingo mmoja alitoa kichwa dirishani, akautazama mvuke, akamtazama mwenye gari, akauliza kama hilo Prado linatumia kuni. Lori la nyuma likapiga honi kuunga mkono hoja.

Dereva wa tangi la mafuta alikuwa mstaarabu zaidi, na ustaarabu wake ndio uliouma. Alisimama mbele penye nafasi, akashuka, akampa mama mkwe shikamoo, akasema haifai mzazi kuchomwa na jua namna ile. Mama akapandishwa kwenye kabini ya tangi, roba la vitunguu likafuata, safari ikaendelea bila mkwe. Kabla Prado halijafika Ilula, habari zilikuwa zimefika Iringa, zimerudi Dar es Salaam, na zimeingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo zikiwa na picha.

Lakini kabla ya kuondoka, utingo wa tangi alifanya mambo mawili ya maana. Kwanza alimkamata mwenye gari mkono alipotaka kufungua mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo hauzuii vumbi tu. Unabana maji yasichemke. Usawa wa bahari maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100, lakini chini ya mfuniko mzima huvumilia hadi karibu 118. Ukiufungua yakiwa ya moto, mgandamizo unatoweka mara moja na maji yanageuka mvuke usoni mwako. Na kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka mapema: Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa Prado hili ulikuwa na mpira uliokauka na kupasukapasuka. Maana yake lilipanda Kitonga likipikia kwenye sufuria isiyo na kifuniko.

Pili aliuliza, "Themostati ipo?"

"Ipo."

"Una hakika?"

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser Prado la toleo lililotengenezwa kati ya 1996 na 2002, injini 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye turbo. Kilomita kwenye dashibodi zimevuka 380,000, na hizo ni zile ambazo wamiliki waliotangulia wameziacha zisomeke. Kenya gari likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia. Tanzania linaingia, ila linatozwa ushuru wa ziada kwa kosa la kuzeeka. Mwenye gari haoni aibu kwa uzee wa gari lake. Bodi yake ni ngumu, gia zinaingia, na kila fundi kuanzia Tandika hadi Tunduma anadai kulijua kwa kupapasa gizani. Lina udhaifu mmoja tu ambao mafundi wote wanaukiri: haliwezi kuvumilia joto. Silinda hedi yake ni alumini, bloki ni chuma. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja kwa bolti. Likichemsha sana, hedi hupinda, gasketi huungua, na nyufa hutokea kati ya valvu.

Kwa hiyo ungedhani kwamba katika gari hili, kitu cha kulindwa kama mboni ya jicho ni kile kinachosimamia joto.

Hicho ndicho themostati, na ni kitu cha ajabu. Ni kidude kinachoenea kiganjani, hakina waya, hakina kompyuta. Ndani yake mna kikopo cha shaba kilichojaa nta. Wazo hilo la nta, alilolibuni Mmarekani Sergius Vernet miaka ya 1930, mpaka leo halijapata mshindani wa kulistaafisha. Injini ikiwa baridi, nta ni ngumu na mlango wa kwenda kwenye rejeta umefungwa. Maji yanazunguka ndani ya injini kwa njia ya mkato ili ipate joto upesi. Yakifika nyuzi 80 na kitu, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma kijiti, mlango unafunguka. Maji yakipoa, springi inaurudisha. Ukingoni mna kitundu chenye kipini kinachochezacheza, kazi yake kutoa hewa iliyonaswa. Mtu akikitumbukiza kidude hiki kwenye sufuria ya maji jikoni na kukitazama kikifunguka chenyewe, anaweza kusahau kwamba kuna watu sebuleni wanasubiri chai.

Sasa ndio utamu wenyewe. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha pili kwa chini. Mlango wa rejeta unapofunguka, kisahani hicho kinaziba ile njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta yakapoe. Ukiitoa themostati, njia zote mbili zinabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inajirudia kwenye injini bila kuonja upepo. Kwenye tambarare huoni kitu. Kutoka Kimara hadi Ubungo sindano ya geji inalala chini kabisa, mwenye gari anatamba kwamba gari lake halijui joto, kumbe injini inafanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyopaswa, inakunywa dizeli zaidi na kujichakaza. Siku ya mlima, ukiwa na mzigo, turbo inavuma na mwendo wa kuleta upepo haupo, ndipo maji yale yaliyokwepa rejeta yanapodai haki yao.

Themostati haikuwepo. Ilitolewa siku gari lilipopelekwa kubadilishwa mpira wa maji, na mwenye gari hakuambiwa. Risiti ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari: mpira 1, gundi 1, huduma. "Huduma" ndiyo hiyo. Fundi alipoulizwa baadaye hakutikisika hata kidogo. "Kaka, ile ni ya nchi za baridi. Huku kwetu themostati ya nini?"

Hapo kicheko kinakauka. Maana huyo si fundi mmoja, ni mtindo mzima wa kutengeneza magari kwa kuyapunguza. Klachi ya feni ikilegea inachomelewa, feni izunguke muda wote. Waya wa taa ya onyo unakatwa, onyo limekwisha. Masega ya ekzosi yanang'olewa kwa maelezo kwamba yanakula mafuta, na anayelipia kung'olewa ni mwenye gari, wakati ndani ya masega mna platinamu na paladi, na wanunuzi wake wanajulikana hadi mlango wa gereji. Hakuna anayekurudishia kilichotolewa. Themostati halisi haifiki bei ya nusu tenki ya dizeli. Hedi ya Prado, pamoja na kuifunga, ilimaliza ada ya shule ya muhula mzima. Na anayelaumiwa mwishoni ni gari: limezeeka, uza, nunua jipya. Gari halikuzeeka hadi kufikia hapo. Liliibiwa kidogo kidogo, na likatozwa ufundi.

Hata maji ya kwenye rejeta yalikuwa ya kisima, yenye chumvi, yale ambayo nyumbani kwa mwenye gari hayaoshi hata vikombe.

Misukosuko mingine ya safari ile haina haja ya kusimuliwa kwa urefu. Mikumi, katikati ya hifadhi, kioo cha dereva kilishuka kikagoma kupanda, na nyani mmoja akasafiri na mkate. Mafinga mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa bisibisi. Chalinze, wakati wa kurudi, honi ilijiwasha yenyewe mbele ya trafiki.

Hedi mpya imefungwa, na themostati mpya, mfuniko mpya, kulanti badala ya maji ya kisima. Sindano ya geji inakaa katikati bila kuyumba, mjini na mlimani. Ukienda gereji, omba kila kilichotolewa ukabidhiwe mkononi kabla hujalipa; mwenye Prado siku hizi anatembea na mfuko kwa kazi hiyo. Wiki hii kinachovuja ni mafuta ya usukani. Gari limepelekwa kwa fundi mwingine, anayesifiwa sana, na fundi huyo amependekeza pampu ya usukani itolewe.