Mhadhara Mkuu Juu ya Kubadilika kwa Mtihani wa Uhasibu

Mwenyekiti wa mhadhara huu, ambaye ni mimi. Mgeni rasmi, ambaye hakutokea. Ndugu watahiniwa wa CPA, wazazi mnaolipa ada, na wachumba mnaosubiri matokeo yatoke ndipo ndoa ifungwe: itifaki imezingatiwa.

Swali lililotukutanisha ni zito. Je, mtihani wa mwaka huu ni ule ule wa mwaka jana? Wengi hulijibu bila sifa. Aliyefaulu mara ya kwanza ameuona mtihani mmoja tu, akaenda zake. Huyo atalinganisha nini na nini? Mimi nimeuona Mei, nikauona Novemba, nikaurudia Mei tena. Mnapotafuta mtaalamu, mtafuteni aliyekaa nao.

Utafiti huo umenionyesha kwamba mtihani una matabaka matatu, kama ardhi: mwamba, udongo na vumbi.

Mwamba haubadiliki. Mwaka 1494, kule Venice, mtawa Luca Pacioli alichapisha maelezo ya jinsi wafanyabiashara walivyoandika kila muamala mara mbili, debiti huku, krediti kule. Hadi leo pande mbili zisipolingana, aliyekosea ni wewe, si Pacioli. Nilipong'amua kwamba sura ya kwanza ya desa langu, kijitabu cha majibu ninachowauzia, haijachakaa kwa zaidi ya miaka 500, nilijawa na unyenyekevu, kisha nikapandisha bei.

Udongo ni viwango vya kimataifa vya uhasibu; husogea, lakini kwa kupiga hodi. IFRS 16, kiwango cha mikataba ya upangaji, kilitolewa Januari 2016, kikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Zamani kampuni ilipanga jengo miaka kumi, ikaandika pango kama gharama, na deni likabaki nje ya mizania kama si la kwao. Sasa deni linaingia ndani, pamoja na mali iitwayo haki ya kutumia. Vivyo hivyo, kiwango cha IFRS 18 kilitolewa Aprili 2024, kikapangiwa kuanza Januari 2027. Anayedai kushtukizwa alikuwa amelala chumba gani?

Vumbi ni kodi. Kila Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti Dodoma, na Julai vumbi linatua upya. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009. Kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kilikuwa asilimia 11, kikawa 9 mwaka 2016, kikawa 8 mwaka 2021. Katika desa langu kodi ya ongezeko la thamani bado ni asilimia 20. Wachokozi husema nimepitwa na wakati. Huo ni uhifadhi wa nyaraka za taifa.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo elimu ilipo. Mabadiliko makubwa kuliko yote hayamo katika sheria wala viwango. Swali la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu lipo miaka nenda rudi. Mwaka mmoja kampuni iliuza saruji, na ilinunua kampuni tanzu mwanzoni mwa mwaka. Nikalikariri jibu lote, pamoja na nukta zake. Mwaka uliofuata mtahini akaleta kampuni ya parachichi, iliyonunua tanzu katikati ya mwaka! Niliandika saruji yangu kwa mwandiko mzuri, kurasa sita, na nikanyimwa alama. Wenzangu waliojua kuunganisha hesabu hawakuona badiliko lolote. Macho yao hayana mafunzo.

Naona mkono kule nyuma. Binti anauliza: kama mwamba haujabadilika tangu 1494, na vumbi sijalifuta tangu 2009, mbona desa linatolewa upya kila mwaka?

Swali zuri, binti yangu. Hilo ni jalada, tabaka la nne, na ndilo pekee linalobadilika kila mwaka bila kukosa. Malipo ni pale mlangoni.