Heshima kwa Tope la Songwe

Nchi hii haina upungufu wa wasifiaji. Mlima Kilimanjaro umesifiwa mpaka umechoka, karafuu za Zanzibar zina washairi wao, na Ziwa Nyasa halijakosa mtu wa kuliimba. Hata mkoa wetu wa Songwe una sifa zake: mahindi, kahawa ya Mbozi, na mji wa Tunduma ambao malori yake hayalali. Lakini tope, ambalo sisi wakazi wa huku hulikanyaga nusu ya mwaka, sijaona likiandikiwa hata sentensi moja ya shukrani. Kazi hiyo nimeamua kuifanya mimi, mwalimu wa kujitolea katika kijiji kimoja wilayani Momba. Nitaifanya bila malipo, maana ndivyo nilivyozoea.

Nianze na nasaba, kwa kuwa mtu mkubwa hutambulishwa kwa ukoo wake. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Reli ya TAZARA, inayopita Tunduma katika safari yake ya kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Tope liliwatangulia wote hao. Mvua zikianza Novemba, linazaliwa, Januari linabalehe, Aprili bado linatawala. Lina koo mbili. Tope jekundu la nyanda za juu, huko Mbozi na Ileje, huteleza: humwangusha mtu upesi, kisha humwacha aende zake. Tope jeusi la bondeni, kuelekea Kamsamba na Ziwa Rukwa, hunasa: halimwangushi mtu, humshika mguu na kumhoji anakwenda wapi na amepewa ruhusa na nani.

Nguvu zake zina ushahidi wa kisayansi. Kwenye miteremko ya mlima Marengi, wilayani Mbozi, kuna kimondo cha chuma chenye uzito wa tani nyingi. Ulimwengu wa nje ulipata habari zake mwaka 1930, lakini hakuna aliyekiona kikianguka. Kilikutwa kimezama ardhini kiasi kwamba ilibidi udongo uchimbwe pembeni yake ndipo kionekane vizuri. Mimi nakihesabu kimondo hicho kuwa ndiye mtumishi wa kwanza wa kujitolea mkoani kwetu. Kilitoka mbali, kilikuja bila barua, udongo ukakipokea, na mpaka leo hakijapata uhamisho.

Sasa tuje kwenye haki. Pale Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, malori hupanga foleni juu ya lami. Juu ya lami hiyo kuna wakubwa na wadogo: kuna mwenye karatasi zilizokamilika na asiye nazo, kuna mwenye wakala mjanja na mwenye wakala mzembe, kuna wabadilisha fedha wenye maburungutu ya kwacha mikononi. Tope halina mambo hayo. Gari la kiongozi lenye bendera likiingia kwenye dimbwi letu, hutendewa sawasawa na bodaboda iliyobeba kreti ya soda. Mheshimiwa hushuka, hukunja suruali, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi anamwomba mwananchi amsaidie kusukuma. Ni wapi pengine mpiga kura wa kijijini anaweza kumwambia mbunge wake, "Sukuma kwa nguvu, mzee," na mzee akatii?

Wapo wanaolalamika kuwa tope linachelewesha maendeleo. Hao hawajatazama mambo kwa utulivu. Shaba ya Kongo husafiri kutoka Lubumbashi, huvuka Zambia nzima, hupita Tunduma na kufika bandari ya Dar es Salaam bila kukanyaga tope letu hata kidogo. Boksi la chaki la shule yetu, ambalo safari yake huanzia duka la vifaa vya shule hapo hapo Tunduma, hufika likiwa limelowa na chaki zimegandana. Hiyo ni dalili ya upendeleo kwetu. Shaba inapita tu. Chaki ndiyo inayobatizwa.

Katika ufundishaji, sijaona zana inayolishinda tope. Wahenga walituambia kwamba udongo uwahi ungali maji, na mimi nimewatii. Darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko madaftari haliwezi kukwama: kila mtoto anachukua kijiti, anainama nje ya darasa, anaandika a, e, i, o, u. Akikosea, hahitaji kifutio, mvua ya mchana itafuta. Vihesabio vya hisabati tunafinyanga wenyewe. Somo la msuguano halihitaji maabara; namwita mwanafunzi mmoja atembee kutoka lango la shule hadi mlingoti wa bendera, na wenzake wanaandika matokeo.

Tope ni karani mwaminifu vilevile. Daftari la mahudhurio laweza kudanganya, nyayo haziwezi. Niwapo mwalimu wa zamu, nasoma njia kabla ya kuita majina. Hapa amepita mwenye yeboyebo. Hapa wamepita watatu pekupeku. Na hapa mmoja kaachana na wenzake, kakata kushoto kwenda shambani kuwafukuza ngedere wasimalize mahindi ya baba yake. Mzazi akija kusema mtoto aliumwa, namwonyesha njia. Tunaelewana bila kugombana.

Linatufundisha na adabu ya mavazi. Asubuhi natoka nimekunja suruali mpaka magotini, viatu vimo ndani ya kiroba, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Nafika shuleni, nanawa miguu kwenye ndoo, navaa viatu, naingia darasani nikiwa bwana kamili. Viatu vyangu havijawahi kuchakaa, na vitakuwa vipya siku nikiitwa kwenye usaili.

Na lishe je? Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, jambo jema ambalo liliwaleta watoto wengi shuleni, wengi kuliko walimu waliokuwa wakiwasubiri. Hapo ndipo tulipoingia sisi wa kujitolea. Kwa kuwa mchango si wa lazima, posho yangu hutegemea hiari. Mimi najitolea kuwafundisha watoto, na wazazi wanajitolea kunilipa, ila mara nyingi kujitolea kwangu hutangulia kwa miezi kadhaa. Mwisho wa msimu hufika debe la mahindi na maharage kidogo kwenye sado. Mahindi hayo yametoka wapi? Kwenye tope. Ukilinganisha waajiri, huyu ndiye peke yake ambaye hajawahi kuniambia nisubiri bajeti ijayo.

Majengo ya shule yetu nayo ni matunda yake. Wanakijiji waliukanyaga udongo kwa miguu, wakafyatua matofali, wakayapanga tanuri, wakayachoma, wakajenga. Hapa naomba nikiri wivu. Tofali huingia kwenye moto mara moja, na likitoka limeiva hupewa nafasi ukutani siku hiyo hiyo. Mimi nilipita kwenye moto wa chuo, nikatoka na cheti, nikaambiwa nisubiri. Mwanzoni mwa 2025 walimu wenye vyeti waliitwa tena kufanyiwa usaili ili ijulikane kama kweli wameiva. Hakuna tofali lililowahi kuulizwa maswali hayo.

Historia nayo inashuhudia jinsi tope lilivyo mwenyeji mwema. Vijana wa kwanza wa Peace Corps ya Marekani waliofika Tanganyika mwaka 1961 walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na barabara za vijijini zilikuwa sehemu ya kazi yao. Walipima, wakarudi kwao, tope likabaki. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa lilipoamua kila mtoto asome, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walipewa chaki wakafundisha huku wakijifunza ualimu. Shule za kata zilipochipua kila mahali miaka ya 2000, wakaja wahitimu wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache, na watu wakawaita voda fasta. Kila upungufu ulipozidi, nchi ilitafuta mtu wa kuziba pengo kwa bei nafuu. Tope liliwapokea wote bila kuwauliza daraja la ufaulu.

Lakini sifa yake kuu ni hii: linashika walimu. Mwalimu mwenye ajira akipangiwa kijijini, huripoti Julai njia ikiwa kavu, hutabasamu, na kabla ya kufungua begi ameshaandika barua ya kuomba kuhamia Tunduma mjini au Vwawa. Barua hiyo isipojibiwa mpaka Novemba, tumempata. Mvua imeshanyesha, Noah hazifiki tena, bodaboda imepandisha nauli. Atafundisha mpaka Aprili, na huenda akaoa hapa hapa. Hata sisi tusio na ajira tunalindwa dhidi ya vishawishi. Mtandao wa simu unapatikana juu ya kilima, na kilima hakipandiki kukiwa na utelezi. Mkeka wa ajira ukitoka, sisi tunapata habari wakati wenzetu wameshapeana hongera.

Haki inataka nitaje na mashtaka. Wanasema watoto huanguka wakachafua sare. Kuteleza si kuanguka, na sare hufuliwa. Wanasema mthibiti ubora wa shule hafiki wakati wa mvua. Hilo ni pongezi. Wanasema lami ni bora, na wanaonyesha ile ya kutoka Mpemba hadi Isongole, wilayani Ileje, ambako siku hizi watu hufika wakiwa na viatu miguuni. Nakubali lami inapendeza. Wanasema pia kwamba mama mwenye uchungu wa uzazi, aliyepakiwa kwenye pikipiki saa nane za usiku, hawezi kusubiri njia ikauke. Kwa shtaka hilo wakili wa tope hana jibu. Anaomba kesi iahirishwe mpaka kiangazi, na anajua kwamba mama huyo hana kiangazi cha kusubiri.

Adui wa kweli wa mteja wangu ni TARURA, wakala iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na kila kalvati linalowekwa ni pigo kwake. Siku moja tope litashindwa, na mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia nikiwa nimevaa viatu vyangu vipya. Ila siku hiyo wakubwa watapaswa kutafuta kitu kingine cha kumshika mwalimu kijijini. Kwa sasa tope linafanya kazi hiyo kuanzia Novemba mpaka Aprili, bila mshahara na bila kulalamika. Miezi sita inayobaki inahitaji barua ya ajira.